Mpango Mkakati Uliotufikia Chini ya "Mengineyo"

Nilikuwa katibu wa bodi ya kitivo kwa miaka sita. Ni kazi ambayo wahadhiri wengi huikwepa, na nawaelewa: unaandaa ajenda, unasambaza makabrasha, unahesabu akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kikao kuendelea, kisha unakesha ukiandika kumbukumbu ambazo wajumbe wengi watazithibitisha bila kuzisoma. Lakini katibu huona jambo ambalo mjumbe halioni. Huona mambo yanavyoingia kikaoni, yanavyotoka, na yapi hayaingii kabisa.

Ajenda za vikao vya chuo kikuu zina mifupa ileile. Kufungua kikao, kuthibitisha kumbukumbu, yatokanayo (mambo yaliyobaki kutoka kikao kilichopita), mambo mapya, mengineyo, kufunga. Ndani ya mambo mapya, kila jambo hubandikwa maneno mawili: kwa uamuzi, kwa majadiliano, au kwa taarifa. Mtu asiyezoea vikao anaweza kudhani hayo ni mapambo ya karani. Sivyo. Jambo likija kwa uamuzi, bodi inaweza kulikataa. Likija kwa majadiliano, bodi inaweza kulinyoosha. Likija kwa taarifa, bodi italipokea, basi. Anayeamua jambo lije kwa jina gani ana nguvu kuliko wajumbe hamsini wenye haki ya kupiga kura.

Mpango mkakati wa miaka mitano wa chuo chetu ulitufikia chini ya mengineyo.

Ilikuwa Jumatano. Tulianza saa nne asubuhi na matokeo ya mitihani, tukaingia kwenye rufaa za wanafunzi, tukabishana kwa muda mrefu juu ya ratiba ya maabara, na ilipofika saa nane na nusu viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Mkuu wa kitivo akatoa mkobani kitabu kilichobanwa kwa waya wa plastiki, kurasa tisini na kitu, nakala moja tu, akakiinua tukione. Ofisi ya mipango, alisema, inaomba maoni ya kitivo ifikapo Ijumaa. Profesa mmoja wa botania, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, tunaombwa maoni au tunaarifiwa?"

"Vyote viwili, Profesa."

Akanigeukia. "Katibu, swali langu umeliandika?"

"Nimeliandika, Profesa."

"Na jibu?"

Nikaliandika na jibu.

Usiku ule nilikisoma kitabu chote. Sitaki kukibeza, kwa kuwa waliokiandika walikuwa watu makini na walifanya kazi kubwa. Kilikuwa na dira, dhamira, malengo makuu, shabaha, viashiria na bangokitita, yaani jedwali la utekelezaji, lenye safu nyingi. Kila kitivo kiliahidiwa kuimarishwa. Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na shaka, maana chuo cha umma hakiwi na fedha za kuimarisha kila kitu kwa wakati mmoja. Mpango usiompunguzia mtu yeyote chochote bado haujaamua kitu. Maamuzi yatakuwa yamefanyika mahali pengine, na ilinichukua miaka miwili kujua ni wapi.

Yapo kwenye ikama.

Ikama ni orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa: idara hii ina maprofesa wangapi, wahadhiri waandamizi wangapi, wahadhiri wasaidizi wangapi, mafundi sanifu wa maabara wangapi; nani amekalia nafasi ipi na ipi iko wazi. Chuo kikuu hula fedha zake nyingi kwenye mishahara. Majengo yanaonekana, na vifaa hupigwa picha siku ya kukabidhiwa, lakini kinachoamua chuo kitafundisha nini miaka kumi ijayo ni nani ameajiriwa leo na nani hakuajiriwa. Mwanataaluma akiajiriwa akiwa na miaka thelathini na kitu, huenda akakaa miaka thelathini. Hakuna jengo linaloamua mengi kiasi hicho. Hata hivyo jengo hupitia kamati nne na sherehe ya kuweka jiwe la msingi, ilhali nafasi isiyojazwa haipiti popote. Inakaa kimya tu kwenye jedwali, na neno "wazi" mbele yake.

Yule Profesa alistaafu. Alikuwa bingwa wa uainishaji wa mimea, fani ambayo haiwezi kujifunzwa kwa wiki mbili za semina. Alituachia hebaria: makabati ya chuma yaliyojaa mimea iliyokaushwa, kila mmoja umebandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe, na mkono wa aliyeuchuma. Nyingine zilikuwa na mwandiko wake wa ujana, wino umefifia. Idara iliandika barua kuomba nafasi yake ijazwe. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Lilisema nafasi imerejeshwa kwenye mgao wa jumla wa chuo na itapangwa upya "kwa kuzingatia vipaumbele vya Mpango Mkakati".

Nilikisoma kile kitabu mara ya pili. Botania haikuwa miongoni mwa vipaumbele, na wala haikusemwa kuwa si kipaumbele. Haikutajwa.

Nataka nieleze kwa utulivu yaliyofuata, kwa sababu nimeyaona yakijirudia katika fani mbalimbali na katika vyuo tofauti. Kozi ya uainishaji ilikabidhiwa kwa mwalimu wa muda, kijana hodari, aliyelipwa kwa saa. Mwalimu wa muda si mjumbe wa bodi, kwa hiyo kozi ikawa haina sauti kikaoni. Mwaka uliofuata ikabadilishwa kutoka ya lazima kuwa ya hiari. Mwalimu yule akapata kazi ya kudumu kwingine, akaondoka, na kozi ikaondolewa kwenye ratiba "kwa sasa". Wakaguzi wa ithibati, wanaopima kama shahada inakidhi viwango, walipokuja wakahesabu walimu wa shahada ile, wakaona hawatoshi kwa idadi ya wanafunzi, wakashauri udahili upunguzwe. Ukapunguzwa. Kisha ofisi ya mipango ikatoa jedwali linaloonyesha kuwa shahada ile ina wanafunzi wachache ikilinganishwa na nyingine, na kwa hiyo si busara kuiongezea walimu.

Kila hatua ilikuwa na sababu, na kila barua ilikuwa na saini halali. Seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo, haikupiga kura hata siku moja kufuta chochote. Kanuni za chuo zinasema wazi kwamba kufuta programu ya masomo ni kazi ya Seneti baada ya kupokea ushauri wa kitivo, na kanuni hiyo haikuvunjwa na mtu yeyote. Haikuhitajika kuvunjwa.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Tunapozungumzia ushiriki wa wanataaluma katika kuendesha chuo, mawazo hukimbilia Seneti, mijadala mikali, na kura za kutokuwa na imani. Hayo ni muhimu, na yapo mahali yalikofanya kazi. Mwaka 2006 wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kupitia mkutano wao mkuu uitwao Congregation, walikataa mageuzi ya uongozi yaliyosukumwa na Makamu Mkuu wa Chuo wakati huo, John Hood, ambayo yangewapa watu wa nje wingi katika baraza la chuo. Pendekezo lilikuja kwa uamuzi, wakaamua. Lakini mambo mengi yanayobadilisha chuo hayaji hivyo.

Wenye kuandika misingi ya jambo hili walilijua. Nchini Marekani mwaka 1966 lilitolewa tamko kuhusu uendeshaji wa vyuo, lililoandaliwa kwa pamoja na jumuiya ya maprofesa, jumuiya ya vyuo na jumuiya ya bodi za uendeshaji. Watu wengi hukumbuka sehemu moja: kwamba wanataaluma ndio wenye jukumu la msingi katika mitaala, mbinu za kufundisha, utafiti, na ajira na vyeo vya wenzao, na kwamba bodi ikitaka kwenda kinyume na maoni yao katika hayo, ifanye hivyo kwa nadra na iwaeleze sababu. Sehemu inayosahaulika ni ile ya bajeti. Humo tamko linasema kila upande uwe na sauti katika kupanga vipaumbele vya muda mfupi na mrefu, na kila upande upewe uchambuzi wa bajeti zilizopita, taarifa za matumizi ya sasa, na makadirio ya miaka ijayo. Makadirio ya miaka ijayo! Sisi tulikuwa tunapewa kitabu chenye dira.

Tazama pia California. Benjamin Ide Wheeler, rais wa chuo kikuu cha jimbo lile aliyekiongoza kwa mkono wake mwenyewe kwa miaka ishirini, alipoondoka mwaka 1919, wanataaluma walidai nafasi yao, na mwaka 1920 bodi ya chuo ikaikubali: seneti yao ijichagulie kamati zake, isimamie kozi, na ishauriwe kuhusu ajira na vyeo. Kule Berkeley, kampasi mojawapo ya chuo hicho, kamati inayopitia ajira na upandishaji vyeo inaitwa mpaka leo kamati ya bajeti na uhusiano wa idara. Jina hilo lilinishangaza nilipolisikia mara ya kwanza. Siku hizi naliona ndilo jina sahihi kuliko yote. Waliolitunga walifahamu kwamba kuajiri mtu ni kupanga bajeti, na kupanga bajeti ni kuchagua chuo kifundishe nini.

Na kinyume chake kimeonekana Wisconsin, jimbo jingine la Marekani. Kwa miaka mingi haki ya wanataaluma wa chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo kushiriki katika uendeshaji ilikuwa imeandikwa kwenye sheria ya jimbo, pamoja na ulinzi wa ajira zao. Mwaka 2015 ulinzi huo ukaondolewa sheriani na nafasi ya wanataaluma ikashushwa kuwa ya kushauri. Haikufanywa kwa muswada wa elimu. Ilifanywa ndani ya sheria ya bajeti.

Barani Afrika, wanataaluma waliokutana Kampala mwishoni mwa mwaka 1990 waliandika azimio kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wasomi kwa jamii. Humo walidai vyuo vijitawale bila kuingiliwa na dola, na wakaongeza sharti ambalo viongozi wa vyuo hupenda kuliruka: kwamba kujitawala huko kuwe kwa njia za kidemokrasia, kwa ushiriki wa wanajumuiya wote wa chuo. Ilikuwa miaka ya marekebisho ya uchumi, serikali zikipunguza fedha za vyuo, na kila aliyekuwa chuoni alijionea jinsi kalamu ya hazina inavyoweza kufanya kazi ambayo askari getini hawakuifanya. UNESCO nayo, katika pendekezo lake la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu, inasema wana haki ya kushiriki katika vyombo vya uendeshaji na kuukosoa uendeshaji wa vyuo vyao wenyewe.

Mwaka wangu wa tano katika ukatibu nilikwenda ofisi ya mipango. Nilikwenda nikiwa na hasira, nimebeba barua zetu tatu zisizojibiwa. Nilimkuta afisa mipango, dada mmoja mpole aliyekuwa na mafaili mpaka sakafuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha barua aliyopokea kutoka wizarani: makadirio ya ikama yaingizwe kwenye mfumo ndani ya wiki tatu.

"Daktari, nikisubiri bodi zenu zikae, mfumo utakuwa umefungwa," aliniambia. "Mkikosa akidi je? Nitaandika nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli tulikuwa tunakosa akidi. Kisha akageuza kioo cha kompyuta kunielekea. Lilikuwa jedwali la kitivo chetu, mstari mmoja kwa kila nafasi. Jina, cheo, fani, tarehe ya kuajiriwa. Safu ya mwisho ilikuwa tarehe ya kustaafu.

Nilisimama pale nikisoma safu ile kutoka juu mpaka chini. Ndani ya miaka saba, idara ya kemia ingepoteza walimu wake watatu wa kemia changanuzi, wote ndani ya miezi kumi na minne. Fundi sanifu pekee aliyejua kutengeneza vyombo vya kioo alikuwa amebakiza miaka miwili. Hisabati ilikuwa na pengo kubwa: wazee kadhaa, vijana wengi, na katikati hakuna mtu, maana yake hapo mbele kusingekuwa na mtu wa kuwa mkuu wa idara wala wa kusimamia shahada za uzamivu. Yote hayo yalijulikana. Yalikuwa na tarehe. Nilimuuliza dada yule nani mwingine ameyaona. Akasema hakuna kitivo kilichowahi kuomba.

Maneno hayo yaliniuma kuliko barua zote zisizojibiwa. Miaka mitano nilikuwa nimeandaa ajenda, na sikuwahi kuweka humo jambo hilo. Tulikuwa tumeshughulika kuhariri aya za dira, neno "bora" libaki au liondoke, huku jedwali lile likiwa ghorofa mbili chini yetu.

Kuna sababu nyingine inayowafanya wanataaluma wawe mbali na bajeti, nayo ni namna fedha zinavyogawanywa. Vyuo vingi vya umma hugawa kwa nyongeza: ulichopata mwaka jana, ongeza au punguza asilimia fulani. Mgao wa namna hii hauchokozi ugomvi, lakini unaganda. Aliyekuwa na nafasi nyingi zamani ataendelea kuwa nazo hata wanafunzi wake wakihama. Kwa kuliona hilo, vyuo vingine vimeingia mtindo wa kila kitivo kujitegemea, mapato yafuate wanafunzi. Mwanzoni wakuu wa vitivo hufurahi. Baadaye kitivo cha biashara huona kinapoteza fedha kila kinapopeleka wanafunzi wake wakasome takwimu kwa wanahisabati, kinaanzisha takwimu zake. Uhandisi unaanzisha za kwake. Mwishowe chuo kina kozi nne za takwimu, tatu zikifundishwa na watu ambao takwimu si fani yao, na idara ya hisabati inaonekana kwenye jedwali kuwa haina wateja. Sina imani na mtu anayesema mtindo mmoja ni tiba. Ninachosema ni kwamba uchaguzi wa mtindo wa kugawa fedha ni uamuzi wa kitaaluma, na mara nyingi huletwa Seneti kama jambo la kihasibu, kwa taarifa.

Kalenda nazo hazipatani. Bajeti ni ya mwaka mmoja na huanza kuandaliwa miezi mingi kabla. Mpango mkakati ni wa miaka mitano. Mkuu wa kitivo hukaa kipindi cha miaka michache. Mtaala mpya, ukipita idara, kitivo, Seneti na wakaguzi wa ithibati, unaweza kula mwaka mzima au zaidi kabla ya kupata mwanafunzi wa kwanza. Mwalimu wa uainishaji wa mimea hupikwa kwa zaidi ya miaka kumi. Ukiziacha kalenda hizi zijiendee, ile fupi ndiyo itakayoshinda siku zote, kwa sababu ndiyo yenye tarehe ya mwisho.

Basi tulifanya mambo mawili, na yote ni ya kikatibu. La kwanza, tulipitisha kwamba jedwali la ikama, pamoja na safu ya tarehe za kustaafu bila majina, liwe ajenda ya kudumu ya kikao cha kwanza cha mwaka, kwa majadiliano. Afisa mipango alitusaidia kupanga tarehe ya kikao hicho ili maoni yetu yamfikie kabla mfumo haujafunguliwa. Alilifanya kwa moyo, naye nadhani alikuwa amechoka kuamua mambo ya watu peke yake. La pili, tuliacha kufunga maswali. Zamani swali lisilojibiwa lilikuwa likiandikwa "imezingatiwa" na kuzikwa. Sasa linahamia yatokanayo ya kikao kinachofuata, na kinachofuata, likiwa na namba yake na jina la ofisi inayotakiwa kujibu. Mwenyekiti akilisoma kwa mara ya tatu mbele ya watu, hutafuta jibu.

Sikuweza kufanya lolote kuhusu walimu wa muda. Wanafundisha sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza, na bado hawana kiti. Nililileta pendekezo la kuwapa wawakilishi wawili, wenzangu wakalikataa. Naamini walikosea, na nilisema hivyo kikaoni.

Kikao cha kwanza cha ikama kilikuwa na akidi, na watu wa ziada wamesimama. Tulisoma jedwali mstari kwa mstari. Watu waliokuwa wameishi mlango kwa mlango miaka kumi na mitano walitambua siku hiyo kwamba wataondoka mwaka mmoja. Wanakemia walianza kupanga palepale nani apelekwe kusoma kemia changanuzi sasa hivi, kabla ya wale watatu hawajaondoka. Tulipofika mstari wa kumi na saba, botania, nafasi ilikuwa wazi kwa mwaka wa nne. Mhadhiri mmoja kijana akauliza ni nani anayetunza hebaria. Hakuna aliyejibu. Mkuu wa idara akaeleza kuwa ufunguo uko kwake, na kwamba mara ya mwisho alipofungua alikuta wadudu kwenye kabati la tatu.

Mwenyekiti alipendekeza tupokee taarifa na kuendelea. Mjumbe mmoja akasema mstari wa kumi na saba uondolewe kwenye taarifa, uwekwe peke yake, kwa uamuzi. Akaungwa mkono. Bodi ikaamua kuomba nafasi hiyo irudi, na ikataja nafasi yetu nyingine iliyo wazi ambayo ingekuwa tayari kuiachia, ili ombi lisiwe la kuongezewa bila kupungukiwa.

Ombi liko kwenye kamati ya ikama ya chuo hadi leo ninapoandika. Nimeshakabidhi ukatibu kwa mwenzangu, na nimemwona akiliweka kwenye ajenda ya mwezi ujao, chini ya yatokanayo, namba 3.4. Juzi nilichukua ufunguo kwa mkuu wa idara, tukaenda na mwanafunzi mmoja wa uzamili, tukaanza kuhamisha karatasi za kabati la tatu.